Hondohondo wa Kwa Vonza na Kamera Uliyoirudisha

Mwaitu,

Tulimpoteza yule hondohondo jike na makinda yake matatu Jumapili ya tatu ya Desemba iliyopita, kwenye mti wa mukau kule Kwa Vonza. Leo asubuhi, saa mbili na dakika ishirini, nimepoteza kingine. Nimefika karakana nikakuta kamera juu ya benchi langu, imepanguswa, lenzi imefunikwa, betri zote mbili zimejaa, na chini yake karatasi: "Asante. Sitaihitaji tena." Maneno matatu. Miaka minane tumetoka pamoja na kamera moja, na umeifunga kwa maneno matatu.

Sasa ni saa nane mchana. Kesho alfajiri unaondoka kwenda Eldoret kusomea upimaji wa ardhi, na tangu asubuhi sijaranda ubao hata mmoja. Yule mama anayesubiri mlango wa jikoni amekuja mara mbili. Mara ya pili aliniangalia kutoka kichwa hadi viatu akauliza, "Fundi, kwani uko mgonjwa ama umekosana na mbao?" Nikamwambia mlango ni kesho. Nakaa, nasimama, nawasha mashine, nazima. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Mkono ukipata kazi labda na miguu itatulia.

Mambo ya blanketi, sabuni na kufunga sanduku, mama yako amekuandikia orodha, na nimeiona: vitu arubaini na viwili, vya mwisho vitatu ni maombi. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka kujua jambo moja tu kuhusu hiyo kamera, nami nitakuuliza mwishoni, kwa sababu nikiuliza sasa utanijibu kwa hasira. Hasira yako ina haki, lakini haina habari zote. Zingine nilizificha.

Unakumbuka ilivyoingia nyumbani? Ulikuwa na miaka kumi na moja. Mpiga picha mmoja wa harusi alitaka kitanda cha tano kwa sita chenye droo chini, na alipokuja kukichukua hakuwa na kitu cha kunipa ila kamera yake ya zamani na lenzi moja ndefu. Mama yako alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Umetoa kitanda ukapewa jicho la kioo. Haya, leo tulalie picha." Nilikuwa na mpango wa kuiuza Jumamosi ya soko. Lakini jioni hiyo wewe uliiokota, ukachuchumaa karibu na lango la karakana, ukampiga mnana akichomoa nyuzi kwenye gunia langu ili akajenge kiota. Ulinionyesha kwenye kile kioo kidogo cha nyuma. Kila unyuzi ulionekana. Huyo mnana alikuwa ameniibia magunia kwa miaka, na mimi sikuwahi kumtazama zaidi ya kumrushia kipande cha ubao.

Soko la Jumamosi likapita.

Tukawa na utaratibu wetu. Kamera moja, watu wawili: nusu saa yako, nusu saa yangu, kwa saa yangu ya mkononi. Asiye na kamera anashika daftari na kuandika ndege gani, saa ngapi, anafanya nini. Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunapotea hadi jioni, na mama yako akitupigia kelele kutoka jikoni, "Siku ya mwisho mtafika mbele ya Mungu na betri imejaa!" Ulikuwa ukirudi na miba kwenye sketi ya kanisa. Usiku wa Jumapili tulikuwa tunachagua picha moja tu ya wiki, moja, ya kutuma kwenye grupu ya wapenda ndege, na chini yake tunaandika jina la aliyeipiga. Hiyo sheria ya jina uliitunga wewe. Ulikuwa na miaka kumi na mbili na tayari ulikuwa unanichunga.

Na mimi ndiye niliyeivunja wa kwanza. Hapo ndipo ninapotaka kuanzia, kwa sababu mambo ya Desemba yalianzia hapo.

Ni mwaka juzi, tulipopanda Kilungu kumwona nyanya yako, yule uliyechukua jina lake na ndiyo maana nakuita Mwaitu, yaani mama yangu, kama nilivyomwita yeye. Nilitaka kumpiga picha akiwa kwenye michungwa, na jua lilikuwa linaniishia. Nikamwambia asimame hapa, ageuke pale, ainue kidevu. Akanitazama tu. "Mutua, umekaa mwaka mzima hujaja, na umekuja na uso wa chuma. Weka hicho kitu chini, kunywa uji, na mimi nikuone." Wewe ulicheka hadi ukashika tumbo. Niliweka chini. Nikanywa uji nikiangalia jua kupitia mlangoni, dakika baada ya dakika, na sikumsikia hata alichokuwa akiniambia. Alikufa Aprili iliyofuata. Ninayo picha ya michungwa tu.

Wakati nakunywa uji huo bila kuumeza vizuri, wewe ulichukua kamera, ukaenda nyuma ya nyumba na kumpata chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, akining'inia kwenye ua la mgomba kichwa chini. Picha ile! Shingo yake ilikuwa inawaka. Usiku niliituma kwenye grupu nikiwa nimechoka, nikasahau jina. Hiyo ya kusahau ni kweli, naapa. Asubuhi nikakuta mioyo sitini na mmoja, na Mwalimu Nduku, msimamizi wetu, ameandika: "Fundi Mutua, una jicho!" Nilikuwa na nafasi ya kuandika neno moja, jina lako. Niliandika, "Asante sana Mwalimu." Hiyo haikuwa kusahau.

Ulisoma. Ukaniambia "Sawa tu, Baba," ukaendelea kupiga pasi yunifomu. Nami nikajifanya nimesikia "sawa."

Nataka ujue kilichokuwa kichwani mwangu, si kwa kujitetea. Niliacha shule darasa la saba. Kazi hii niliiokota kwa kufagia karakana ya mtu mwingine hadi nikajua kila aina ya ubao kwa harufu. Hakuna aliyenishika mkono. Na fundi akitengeneza mlango vizuri, hakuna anayempigia makofi. Mtu anafungua, anapita, basi. Mlango unazungumziwa siku ukikwama. Nimetengeneza milango zaidi ya elfu mbili, Mwaitu, na mtu wa kwanza kuniambia nina jicho aliniambia kwa picha ambayo si yangu. Nilipaswa kuitema. Nilimeza, na ilikuwa tamu.

Nimesimama. Nimezunguka karakana mara mbili, nimepanga vipande vya mbao ambavyo vilikuwa vimepangika. Nimerudi.

Basi Mzee Musili wa Kwa Vonza akaja Novemba iliyopita kuchukua meza yake, akaniambia kuna kioja shambani kwake. "Fundi, kuna ndege amefungia bibi yake ndani ya mti, amepiga plasta mlango, na anamlisha dirishani. Usimwambie bibi yangu, atataka hivyo pia." Tulienda kesho yake. Wewe ndiye uliyeliona tundu, futi tisa kutoka chini, na ufa mwembamba wa udongo, upana wa kidole, na ncha ya mdomo mweusi ikichungulia. Kisha dume akaja, mdomo mwekundu wenye ncha ya rangi ya maziwa, akatua kwenye tawi lililokuwa mbele ya tundu, akageuza kichwa kulia, kushoto, akahakikisha, ndipo akaruka akampa panzi. Ulinishika mkono kwa nguvu. Hukuomba hata kamera, na ilikuwa nusu saa yako.

Ulisoma kila kitu kuhusu hao ndege, ukanieleza njia nzima tukirudi, ukipiga kelele nyuma ya pikipiki. Kwamba jike akiwa humo ndani anapuputisha manyoya ya mbawa yote, hawezi kuruka hata akitaka. Kwamba uhai wake na wa watoto uko kwenye mdomo wa dume. "Akikosa kuja siku mbili, Baba, hao wamekwisha." Uliniambia hivyo. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Nilijenga jukwaa hatua kumi na mbili kutoka mtini, taratibu, siku kwa siku, na dume alizoea. Kufikia Desemba makinda yalikuwa yanalia ukikaribia. Jumatano ya wiki ile nilihesabu: kutoka saa moja hadi saa sita, dume alikuja mara thelathini na moja. Alhamisi, thelathini. Kazi safi. Lakini kila siku ikifika saa mbili na dakika kumi, jua likishapata nguvu nzuri, kivuli cha lile tawi kilikuwa kinaangukia tundu na kulikata katikati mpaka saa nne. Ukiwa fundi, kitu kinachozuia mwanga unalijua jina lake na una dawa yake. Na nilikuwa nimeshatangaza kwenye grupu kwamba Jumamosi waje. Watu kumi na mmoja walikuwa wamethibitisha.

Alhamisi mchana nilichukua msumeno.

"Baba, hilo ndilo kizingiti chake. Anatua hapo kwanza."

"Ni tawi moja, Mwaitu. Huu mti una matawi mia."

"Mbele ya mlango lipo hilo moja."

"Atazoea. Si alizoea jukwaa?"

Nikakata. Nilikata vizuri hata, sawasawa na shina, nikapaka udongo kwenye kidonda ili pasing'ae kwenye picha. Mimi huyo ninayejua kuchanganya vumbi la mbao na gundi nikaziba ufa hadi mteja asijue ulikuwepo.

Mpaka hapo unajua yote. Sasa nakuambia usiyoyajua.

Ijumaa ulikataa kuja. Ulisema unachunga karakana. Nilienda peke yangu, na siku hiyo, saa mbili na dakika kumi na tatu, nilipiga picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Unaijua: dume yuko hewani mbele ya tundu, mbawa zimefunguka zote mbili, kila unyoya umesimama kwenye mwanga, panzi mdomoni. Mama yako aliipeleka kwa kamati ya kanisa, na Januari ikawa kalenda. Wewe uliigeuza ikatazama ukuta. Mama akaigeuza tena: "Kalenda ni ya tarehe, si ya baba yako." Watu wanaiangalia hadi leo wanasema, tazama anavyoruka kwa furaha.

Mbawa zile zilifunguka kwa sababu hakuwa na pa kutua. Alikuwa anapigapiga hewani anatafuta tawi. Alijaribu mara tatu kabla ya kumfikia jike, na mara mbili alirudi na panzi wake. Uzuri wote wa picha ile ni taabu yake. Niliona kwa macho yangu nikiwa nimebonyeza kidole, na sikukitoa.

Na nilihesabu. Mara kumi na tisa. Iko kwenye daftari kwa mkono wangu. Kutoka thelathini hadi kumi na tisa kwa siku moja. Mtu ambaye mbao zake zingepungua hivyo angelala macho.

Jioni uliniuliza. Ulikuwa unafagia, hukuinua kichwa. "Alikuja mara ngapi?"

Nikasema, "Kama kawaida."

Hilo ndilo kosa, Mwaitu. Tawi ni kosa la fundi asiyejua ndege, na pengine lingerekebishika. Usiku ule tungeweza kufunga fito mahali pake, tukawapigia watu simu wasije. Mwalimu Nduku angeelewa kwa dakika moja. Lakini nilikuwa nimewaahidi watu ndege, na nilikuwa nimeshaona nyuso zao wakiniambia nina jicho. Nilizitazama zile namba mbili na nikachagua watu kumi na mmoja.

Jumamosi ulikuja, uliona. Mara sita tu. Uliponivuta shati ukasema, "Waambie waondoke, Baba," nilikujibu mbele yao, "Wametoka mbali, wacha wapige saa moja zaidi." Ukatembea hadi barabarani ukakaa kwenye jiwe hadi saa nane. Hata chakula cha Mzee Musili hukula. Mimi nilikula.

Jumapili tuliacha ibada tukaenda sote wawili, na unajua tulichokuta. Sitakiandika. Nitaandika tu kwamba vipande vya udongo vilikuwa chini, nje, na jike karibu navyo, bila mbawa za kumbeba. Nilipokuinua juu ukatia mkono tunduni, ulihesabu hadi tatu kwa sauti.

Ndipo mimi, nikiwa nimesimama pale pale, nikaandika kwenye grupu: "Nyoka ameingia usiku. Tumempoteza." Nyuso za huzuni arubaini ndani ya dakika kumi. Pole Fundi, pole Fundi.

Sasa na mimi nina la kwangu, na nitalisema, kwa sababu barua isiyosema hili itakuwa ya uongo. Jioni hiyo ulituma picha nne kwa mpangilio, kila moja na saa yake: tawi likiwepo, tawi lisipokuwepo, watu kumi na mmoja, udongo chini. Na mstari mmoja: "Nyoka habomoi ukuta kutoka ndani." Kisha ukajitoa. Mbele ya watu themanini na sita, Mwaitu. Tulikuwa tumekaa meza moja, ulikuwa umenipitishia chumvi, na simu yangu ikaanza kuruka ruka kwenye meza. Hukuniambia "Baba, rekebisha, la sivyo nitasema." Hukunipa hata dakika tano. Tangu Januari mimi ni Fundi Nyoka hapa sokoni kwetu Kabati. Mtu amekuja kuchukua kabati lake, mzee mzima, akainama akachungulia ndani: "Hii haina nyoka, ama?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nifanyeje?

Iliniuma. Bado inauma. Miezi mitano nimeishikilia hiyo kama ndiyo kesi yenyewe: kwamba mtoto niliyemfundisha kushika kamera aliigeuzia kwangu. Nimeirudia kichwani hadi nikawa naamini mimi ndiye niliyekosewa. Wewe ukiniambia "chai iko hapo," mimi nikisema "haya," na ndani nikihesabu: siku hamsini hajasema pole. Siku mia. Siku mia na ishirini. Mimi mwenyewe siku ya kwanza kuisema ilikuwa bado haijafika.

Leo nilipoikuta kamera, hesabu hiyo iliniishia mkononi. Ungenipa dakika tano, ningefanya nini nazo? Ninajijua. Ningetafuta gundi.

Kuna jambo lingine. Jumatatu, siku moja baada, nilirudi Kwa Vonza peke yangu kung'oa jukwaa. Nilikuwa natoa misumari nikasikia mbawa. Dume alikuja. Akatafuta tawi, akalikosa, akajishikilia kwenye gome karibu na tundu. Alikuwa na panzi, mkubwa, wa kijani. Akaingiza mdomo. Akangoja. Akatoa, akaingiza tena. Kisha akakaa hapo muda ambao sikuupima, na mimi hupima kila kitu, na mwishowe akammeza yule panzi mwenyewe akaondoka. Kamera ilikuwa shingoni mwangu. Sikuiinua. Sijamwambia mtu, hata mama yako. Alikuwa amerudi, unaelewa? Watu wakishaondoka alirudi. Alikosa siku moja tu.

Machi nilitundika masanduku mawili kwenye shamba lile, nimeyatengeneza kwa mabaki ya mukau, tundu la vipimo ulivyonisomea wewe kule nyuma ya pikipiki. La kwanza wameingia nyuki, Mzee Musili anafurahia asali. La pili halina kitu. Nimelitazama mara saba. Sikuambii ili unipe alama. Nakuambia kwa sababu ulikuwa unashangaa ninakokwenda Jumapili, na mama yako alikuambia nimerudia kanisa la zamani.

Imefika saa kumi kasoro robo. Nimeacha kalamu nikafanya ambalo nilipaswa kulifanya. Nimeandika kwenye grupu: thelathini na moja, thelathini, kumi na tisa, sita, sifuri. Nimepiga picha ukurasa wa daftari nikautuma. Nimesema tawi nililikata mimi na wewe ulinikataza, na nyoka sikumwona. Nimesema na habari ya chozi wa Kilungu, kwamba ni wako. Wewe hauko humo kwa hiyo hutaona. Dakika tisa simu iko juu ya benchi na mimi nafagia mahali palipofagiliwa. Kisha mmoja akaandika "Tulijua, Fundi." Mwingine akatoka bila neno. Mwalimu Nduku ameandika: "Asante kwa kusema. Na sisi tuliokuja siku ile hatukuuliza lile tawi liko wapi." Hakuna aliyesema nina jicho. Nimeketi nikagundua kwamba miguu imetulia kidogo, kisha ikaanza tena, kwa sababu hao siyo niliotaka wanijibu.

Mama yako amepita hapa sasa hivi na kanga mbili za kukufungia nguo. Ameona kamera, ameona karatasi, ameniona mimi. "Muulize," amesema. Nikamwambia ninaandika. "Kurasa kumi na nane za nini? Mtoto yuko hapo ndani anakunja soksi. Muulize." Zilikuwa sita tu, kurasa. Lakini sikuweza kuingia. Nikikuuliza kwa mdomo, nitakuuliza kama mzee wa nyumba, nawe utanijibu kama mtoto anayesafiri, na hatutakuwa tumesema kitu.

Sitakupa mawaidha. Nitakuambia tu ninachojua sasa kuhusu kazi hii yetu ya kujifurahisha, na uamue kama ni ya bure. Usimwahidi mtu ndege. Ndege hakuwepo kwenye mazungumzo hayo. Na siku ukipata picha nzuri kupita kiasi, kabla ya kumwonyesha mtu, jiulize ilipatikana kwa njia gani. Mara nyingi jibu litakuwa safi. Mara moja halitakuwa, na hiyo mara moja utataka sana isiwepo kwenye daftari. Iandike. Mimi niliandika, nikafunga daftari. Kuandika peke yake hakumsaidii mtu.

Huko Eldoret nasikia kuna mito na mabwawa na ndege ambao sisi huku kwenye ukavu hatujawaona. Utapima ardhi mchana, na kwa vile ulivyo utakuwa umesimama na vile vyombo vyako, na kitu kitatua kwenye uzio. Nataka kujua utakuwa na nini mkononi. Hilo ndilo linalonisimamisha na kunikalisha tangu asubuhi. Hondohondo nilimpoteza, na hilo sina pa kulirekebishia. Lakini sijui kama nilikuharibia ndege wote, au nilijiharibia mimi tu machoni pako.

Kwa hiyo nauliza. Umeacha kupiga picha, au umeacha kupiga picha na mimi?

Kama umeacha kabisa, kamera nitaiweka mahali pakavu na sitaigusa, na sitakusumbua na habari ya masanduku. Kama umeacha na mimi, basi iingize kwenye sanduku lako kesho, ni yako pekee, mchana kutwa, hakuna nusu saa ya mtu mwingine. Mimi nitabaki na daftari na nitakuwa naandika tu ninachokiona, na sitakuomba unitumie hata picha moja. Yote mawili nitayaweza. Ambalo siwezi ni kukupeleka kituoni bila kujua ni lipi, halafu nirudi hapa kuranda mlango wa watu.

Usinihurumie kwenye jibu. Usiseme tutaongea ukifika, wala usimtume mama yako. Basi la Eldoret linaondoka Kitui saa kumi na mbili, na mimi nitawasha pikipiki saa kumi na moja kamili. Nitakuwa nimesimama hapo nje kuanzia saa kumi na nusu. Toka, simama mbele yangu, na kabla sijaiwasha niambie: ni kupiga picha, au ni mimi?

Baba yako,
Mutua